Kutoka Kaloleni Hadi Kaloleni: Safari ya Kuitazama Mibuyu



Ndugu wasomaji, wiki hii tunawaletea habari za safari ambayo bado hatujaifunga. Desturi ni mtu kusimulia baada ya kurudi. Sisi tumeona tuandike kabla ya kuondoka, kwani kuipanga safari hii kumetufunza mambo ambayo hatukuyatarajia, na huenda familia nyingine ikanufaika na hesabu zetu.

Sisi ni familia tisa za Kaloleni, Shauri Moyo na Majengo ya Pumwani, huku Mashariki mwa Nairobi. Watoto wetu husoma madrasa moja, na akina mama tunajuana kwa miaka mingi kupitia chama chetu cha wiki. Wengi wetu asili yetu ni pwani: kuna wa Lamu, wa Malindi, wa Kilifi, na wa Vanga. Wazee wetu walikuja Nairobi na reli, au na biashara, au kwa kuolewa, wakabaki. Watoto wetu nao wamezaliwa papa hapa, na pwani wanaijua kwa jina kuliko kwa macho.

Si kwamba hatuendi. Twaenda, lakini twaenda usiku. Simu ya msiba ikipigwa, au kadi ya arusi ikifika, watu hukata tikiti za basi la usiku, watoto wakalala mapajani, na wakizinduka wako Mwembe Tayari. Wakishazika au wakishaoza, hupanda basi la usiku kurudi, kwa sababu kesho yake ni kazi na shule. Katika kilomita zipatazo 480 baina ya Nairobi na Mombasa, watoto wetu hawajui ila giza, taa za malori, na choo cha Mtito Andei. Ndiyo maana mtoto wa miaka 10, ambaye amefika Mombasa mara 6, alipoulizwa na maalim mabuyu yanatoka wapi, alijibu bila kusita, "Dukani." Wenziwe hawakumcheka, kwa kuwa nao hawakuwa na jibu jingine. Mabuyu kwao ni zile punje nyekundu zenye sukari na pilipili, zinazouzwa kwenye vifuko vidogo na kuacha ulimi mwekundu hadi magharibi.

Mti wenyewe hawajauona. Wangetajiwa twiga au ndovu, wangemchora. Mbuyu hawakuweza kuuchora.

Jambo hili lingebaki kuwa la mzaha kama si simu aliyopigiwa Bi Mkubwa. Huyu ni mama yetu sote, ana miaka 82, na aliingia Majengo akiwa bibi arusi mwaka 1961 kutoka upande wa Takaungu, kusini ya Kilifi. Mwana wa kaka yake alimpigia kumwarifu kwamba kipande cha shamba la wazee kinauzwa. Baba yake, yaani kaka wa Bi Mkubwa, amelazwa mara tatu mwaka huu na deni la matibabu limekuwa kubwa. Mnunuzi amepatikana, na anataka ardhi iwe tupu ili ajenge. Ndani ya kipande hicho umo mbuyu ambao chini yake mama yake Bi Mkubwa alikuwa akitandika mkeka, akipasua mabuyu na kuuza ubuyu kwa vikombe. Kwa fedha hizo Bi Mkubwa alivishwa na kusomeshwa chuoni.

Tulidhani angelia au angemkataza kijana asiuze. Hakufanya hivyo. Alituambia, "Wanangu, sisemi asiuze. Deni ni deni, na mgonjwa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ninachotaka ni kuuona kabla haujakatwa, na hawa watoto wauone pamoja nami, wapate kujua kwamba mimi sikuzaliwa Majengo."

Basi tukakutana. Tunataka tuwe wakweli kuhusu kikao kile, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi hufa. Chama chetu kina akiba ya dharura: maradhi, mazishi, na mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Mmoja wetu aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Tutoe pesa za maiti tukatazame mti?" Kukawa kimya. Kisha mwingine, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akajibu, "Tukienda kuzika hatuulizani nauli. Bi Mkubwa yu hai. Kwa nini tungoje afe ndipo tumfikishe kwao?"

Maneno hayo yote mawili yalikuwa ya kweli, na tukaamua kuyaheshimu yote mawili. Akiba ya dharura haikuguswa. Tulifungua kibubu kingine, kila familia shilingi 150 kwa wiki kwa wiki 20, ambazo kwa familia tisa ni shilingi 27,000. Kila Jumamosi baada ya madrasa tuliuza mahamri, viazi karai na sharubati ya ubuyu, tukapata 21,000. Zilizosalia, 24,000, walizichanga akina baba na vijana wetu wanaofanya kazi. Jumla ni 72,000, nayo ndiyo bei tuliyokubaliana ya gari, dereva na mafuta kwa siku tatu. Chakula kitatoka jikoni mwetu. Malazi tutapata kwa jamaa wa Takaungu.

Huku fedha zikikusanywa, maalim wa madrasa aliwapa watoto kazi: kila mmoja alete jambo moja la kweli kuhusu mbuyu, aeleze amelipata wapi. Na sisi tulikaa nyuma tukisikiliza, tukijifanya tunakata vitunguu.

Tulijifunza kwamba shina la mbuyu ni laini, limejaa maji mithili ya sifongo, na ndivyo mti unavyostahimili ukame. Hukaa bila majani kwa miezi mingi ya mwaka, na hapo matawi yake hufanana na mizizi iliyoelekezwa juu. Maua yake ni meupe, makubwa, huning'inia kichwa chini, na hufunguka usiku. Popo ndio wanaoyatembelea na kuyachavusha. Gamba lake hutoa nyuzi za kamba na vikapu, na likichunwa kwa kiasi huota tena. Majani machanga hupikwa mboga. Unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C kwa wingi, na ule uchachu wake ndio ambao mama zetu waliutumia kuwatuliza wenye homa.

Mtoto mmoja alileta habari za Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Miaka ishirini na kitu baadaye, katika safari yake ya Mali, aliandika juu ya miti minene yenye uwazi ndani ya shina ambamo maji ya mvua hukusanyika, watu wakayanywa kama kisima. Katika mti mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia, amekaa humo ndani akifuma nguo, naye akastaajabu. Watoto waliipenda sana habari hii. Wengine wao wanalala watano chumba kimoja, na wakaanza kupanga ni nani angekaa ndani ya mbuyu na nani angebaki nje.

Umri wa mibuyu ulizusha ubishi. Kuhesabu miviringo ya shina hakutoshi, kwa kuwa shina la mbuyu mara nyingi lina tundu katikati, na miviringo yake haiaminiki. Wataalamu hupima kaboni. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 iliyo mikongwe kuliko yote waliyoipima barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeanguka katika muda wa miaka kama 12 tu. Mingi ya hiyo iko kusini mwa Afrika, na baadhi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Mtoto aliyesoma habari hiyo aliuliza: mti uliovumilia miaka elfu mbili, mbona ufe sasa? Maalim alimwambia kwamba watafiti wenyewe wanashuku joto na ukame unaozidi, nao wanaendelea kuchunguza.

Kisha kukaja habari ya hapa kwetu, ambayo sisi watu wazima tuliikumbuka. Mwezi wa Novemba 2022 ilijulikana nchi nzima kwamba mibuyu ya Kilifi ilikuwa iking'olewa mizima kwa mitambo, mizizi na yote, ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia. Rais William Ruto aliagiza jambo hilo lichunguzwe, kuonekana kama kibali kilifuata sheria na kama Wakenya wangepata fungu lao la haki. Wakati ule tuliwalaumu wenye mashamba waliouza. Safari hii lawama hazikuja kwa wepesi. Kijana wa Bi Mkubwa hauzi kwa tamaa, anauza kwa sababu baba yake ni mgonjwa. Tulitazamana, na kila mmoja akajiuliza angefanya nini mti mmoja ukiwa upande huu na dawa za mzazi zikiwa upande ule.

Hatukumtafutia hila wala hatukumsema vibaya. Tulimwomba jambo moja tu: amwombe mnunuzi auache mbuyu usimame kwenye kona ya kiwanja. Amemwomba. Mnunuzi amesema atafikiri. Hadi tunapoandika haya, hajajibu.

Kulikuwa pia na suala la majini. Mtoto mmoja alikuja madrasani akiogopa. Ameambiwa na jirani kwamba mbuyu ni nyumba ya majini, na kwamba pwani watu hufunga vitambaa kwenye shina na kufukiza ubani wapate haja zao. Bi Mkubwa hakukana kwamba mambo hayo yalikuwapo, aliyaona utotoni. Maalim naye alilieleza kwa upole. Majini ni viumbe vya Mwenyezi Mungu kama sisi, na mbuyu ni kiumbe chake vilevile. Mti haumpi mtu kitu wala haumzuilii. Tukiufikia tutamsifu aliyeumba, hatutauomba haja wala hatutaukimbia. Yule mtoto aliuliza kama anaruhusiwa kuukumbatia. Akaambiwa aukumbatie atakavyo, ila mikono yake haitafika popote.

Kutokana na swali hilo watoto wakatengeneza kamba ya kupimia, yenye fundo kila baada ya mita moja. Mibuyu mikubwa mzingo wake huweza kupita mita 20. Wamepiga hesabu kwamba mti wa namna hiyo utahitaji watoto wote 17 wa msafara wetu wakishikana mikono, na pengine na baadhi ya mama zao.

Hebu sasa tueleze habari ya mbegu, kwa kuwa ndiyo iliyoibadilisha safari yetu kutoka matembezi na kuwa kazi.

Watoto walichukua mabuyu ya dukani, wakayafyonza rangi, wakazipanda mbegu kwenye vikopo vya maziwa lala. Wiki tatu hakukuota kitu. Bi Mkubwa alicheka hadi akajifuta macho kwa buibui. Mabuyu yale, aliwaeleza, yamepikwa kwa sukari motoni. Mbegu iliyopikwa haioti. Akamtuma kijana kwa muuza dawa za miti shamba akalete ubuyu mbichi. Mbegu zikaoshwa, zikalowekwa katika maji ya moto usiku kucha ili gamba lake gumu lilainike, kisha zikafukiwa. Kati ya mbegu 12, zimeota 3.

Waswahili tuna methali kwamba mbuyu ulianza kama mchicha. Tumeitumia maisha yetu yote, katika mahafali na katika mabaraza ya wazee, lakini ni sasa tu tumeona maana yake kwa macho. Mche wa mbuyu hauna lolote la kukuonyesha utakavyokuwa. Hata majani yake ya kwanza hayana umbo la vidole vitano kama ya mti mkubwa. Ni jani moja moja la kawaida. Ukiuweka kando ya mchicha wa jirani, usiyejua atang'oa mbuyu na kuacha mchicha.

Miche hiyo mitatu imekaa kwenye dirisha la jikoni linalopata jua. Haiwezi kukaa hapo daima. Basi mtoto mmoja akauliza, kwa nini tusimpelekee nyanya miche yake kwao? Mbuyu wa mama yake ukikatwa, kutakuwa na mingine.

Shauri lilikuwa jema, ila lilikuwa na tatizo ambalo mtoto hakuliona: tutaipanda wapi? Shamba linauzwa. Vipande vilivyobaki navyo vitagawiwa warithi, na kesho mrithi mwingine atakuwa na mgonjwa wake. Mti unaohitaji miaka mia kadhaa hauwezi kutegemea ardhi inayobadilisha mikono kila kizazi. Bi Mkubwa ndiye aliyepata jibu, na alilitoa huku akikoroga chai: "Ipandwe kwenye wakfu."

Ardhi ya wakfu, kama mnavyojua, haiuzwi, hairithiwi, wala haipewi mtu zawadi. Ikishatolewa kwa ajili ya Allah, asili yake hubaki na manufaa yake hutumika. Kijijini kwao kuna kiwanja cha wakfu wa msikiti, nacho kina nafasi upande wa nyuma. Tulimwomba kijana aulize kamati ya msikiti. Wazee walikaa, wakakubali kwa masharti matatu: miche isipandwe karibu na ukuta wa msikiti wala birika la maji, kwani mizizi na shina vitakuja kuvunja, pawe na mtu wa kuinywesha na kuizungushia ua wa miiba dhidi ya mbuzi hadi iwe mikubwa, na mapato ya mabuyu, siku hiyo ikifika, yawe ya madrasa. Wa kuinywesha amepatikana: ni mjukuu wa kaka yake Bi Mkubwa, ana miaka 13, na chama chetu kitampelekea kitu kidogo kila mwezi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala kutokana nao mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Mti huu hatutaula matunda yake sisi. Bi Mkubwa analijua hilo kuliko sisi, na ndiye aliyekuwa na hamu zaidi.

Tumerudi basi kwenye gari. Wengine walishauri treni ya Madaraka, ambayo tangu mwaka 2017 imewafikisha wengi Mombasa kwa saa chache. Ni nzuri, lakini treni haisimami mtoto akipiga kelele, "Mbuyu ule!" Nasi lengo letu ni kusimama. Tukaamua kukodi matatu ya viti 33. Sisi tu watu 31. Akina mama wasio na waume wanafuatana na kaka zao au watoto wao wa kiume waliokwisha baleghe, hivyo kila mmoja ana wa kumtegemea njiani.

Dereva wa kwanza tuliyezungumza naye alitupa bei nafuu. Tulipomwuliza kibali, kwa kuwa matatu yenye leseni ya njia za mjini huhitaji kibali cha muda kutoka NTSA ili kubeba abiria hadi mbali kiasi hicho, alicheka akasema hakuna haja, barabarani tutauzunguka mbuyu tu. Nanyi mnajua Waswahili wanamaanisha nini wakisema hivyo: kumpa askari kitu kidogo kwa siri. Tulimshukuru, tukamwambia sisi tunakwenda kuutazama mbuyu, hatuna nia ya kuuzunguka. Dereva wa pili ni ghali kidogo, lakini ana kibali, mikanda ya viti inafunga, na amekubali kutosafiri usiku.

Ratiba yetu ni hii. Tutaondoka Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti. Aprili tuliikataa kwa sababu ya masika na matope ya njia za ndani. Desemba tuliikataa kwa kuwa watu wote huenda pwani na bei hupanda. Tutasali alfajiri msikitini Pumwani, na gari litaondoka mara baada ya nyuradi. Staftahi ni mahamri, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, nasi tutaila Emali. Vifuko vya plastiki, ndimu na tangawizi viko tayari kwa wanaotapika.

Kuanzia Kibwezi watoto watatakiwa kufungua macho. Wengi hudhani mbuyu ni mti wa bahari tu, kumbe hukutana nawe kabla hujafika nusu ya njia, katika nchi kavu ya Ukambani. Atakayeuona wa kwanza atakaa mbele hadi Voi. Tukipita Tsavo tutawaonyesha mashina yaliyochunwa na ndovu, ambao wakati wa ukame huvunja gamba na kutafuna maji yaliyomo. Adhuhuri na alasiri tutazisali pamoja kwa kufupisha, rakaa mbili mbili kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, katika msikiti wa Mackinnon Road ulio kando ya reli. Hapo pana kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wa reli, na wasafiri wengi husimama kupumzika. Tutakula pilau hapo hapo.

Mariakani hatutanyoosha kwenda Mombasa. Tutakata kushoto kufuata njia ya Kaloleni hadi Mavueni, ambayo hututoa karibu na Kilifi bila kupitia msongamano wa mjini. Watoto walipoiona ramani walishangilia: tunatoka Kaloleni tunakwenda Kaloleni! Bi Mkubwa, ambaye mama yake alikuwa Mgiriama, akawaambia kwamba kulola kwa Kigiriama ni kutazama, na mbuyu kwao huitwa muyu. Kaloleni ni kama kumwambia mtu: nendeni mkatazame. Tumekaa katika mtaa huo tangu enzi za wazazi wetu, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na hatukujua kwamba jina lake linaweza kuwa ni amri.

Jumapili ni siku ya kazi. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali kwa mtu wa miaka 82, tutakwenda shambani. Hatujapanga chochote hapo. Bi Mkubwa ameomba kiti na mkeka, na akasema atakaa atakavyo kukaa. Baadaye tutapanda miche kwenye wakfu. Alasiri tutavuka kidogo hadi magofu ya Mnarani, juu ya ukingo wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, palipokuwa na mji wa Waislamu kuanzia karne ya 14 hadi ya 17. Msikiti wake mkuu umebaki kuta na mihrabu, lipo kaburi lenye mnara ambalo limeupa mahali jina, na mibuyu mikubwa imesimama kati ya magofu. Wengine walitaka tufike na Gede, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, lakini magoti ya Bi Mkubwa na mafuta ya gari vilitushauri vingine. Gede itakuwa safari nyingine, inshallah. Jumatatu, baada ya alfajiri, tutarudi.

Kwa wale watakaotaka kupanga kama sisi, tunawausia haya: tengeni kibubu mbali na akiba ya dharura, ulizeni kibali cha gari kabla ya bei, safirini mchana, na msiende na watoto mahali wasipokwisha kuulizwa habari zake, kwani mtoto anayejua anachokwenda kukiona huvumilia safari kuliko mtu mzima.

Tunawaomba mambo mawili. Kwanza, dua: kwa mgonjwa wetu wa Takaungu apate shifaa, kwa Bi Mkubwa afike na afya yake, na kwa mnunuzi ambaye hatumjui, Mwenyezi Mungu amlainishe moyo, na akikata, tusimwekee kinyongo. Pili, kama kuna msomaji wa Kilifi anayeelewa ulezi wa miche ya mbuyu katika mwaka wake wa kwanza, tafadhali atume neno kupitia ofisi ya jarida hili, kwani kijana wetu wa miaka 13 ana maswali mengi kuhusu mbuzi.